Gari la Mjini Tu

Lusungu mwanangu,

Salamu sitaweka, maana tumeshinda wote tangu asubuhi, na hivi ninavyoandika nakusikia chumbani unagombana na zipu ya lile begi. Najua utashangaa kukuta barua ya mtu anayelala chumba cha pili. Nimeamua kuandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitapandisha sauti, wewe utanijibu "Sawa mama" kwa ile sauti yako ya kufunga mlango, baba yako atatoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao wameshaangaliwa, na kesho utaondoka tumenuniana. Karatasi haipandishi sauti. Halafu huwezi kuikatiza.

Sitakuambia ule nini, wala uvae nini, wala ulale saa ngapi. Umesomea maabara, vijidudu unavijua kwa majina yao, mimi niliyeishia darasa la saba nikufundishe kunawa mikono? Ninachotaka kusema ni kuhusu gari. Ndiyo, bado. Nimejizuia siku zote hizi na bado limenikaa kooni.

Kwanza ujue kwamba najivuna, tena sana. Nimeshawaambia wote: kwaya ya akina mama, wenzangu wa soko la viazi, hata yule mkata tiketi wa stendi ambaye hakuniuliza. Binti yangu ameajiriwa hospitali Dodoma, yuko maabara, na anaanza kazi akiwa na gari lake. Si la mume, si la kuazima, lake. Mtaa huu nani mwingine? Mwalimu mkuu mwenyewe anatembea kwa miguu. Na wazo la gari lilikuwa langu, usisahau. Mimi ndiye niliyesema mtu anayetoka zamu usiku hatatembea peke yake gizani akiwa mtoto wangu.

Ila Lusungu, kati ya magari yote yanayopita Makambako, na Makambako yanapita magari ya nchi nzima na nchi za jirani, ulichokiona wewe ni kile?

Najua utanikumbusha kirikuu yangu, kile kipikapu changu cha kubebea viazi. Haya, nikumbushe. Niliinunua vibaya. Nilitaka kuwa mwanamke wa kwanza pale sokoni kununua gari kwa viazi vyake mwenyewe, na nilikuwa wa kwanza kweli, lakini haraka ya kuwa wa kwanza ndiyo iliyoniponza. Muuzaji aliniambia nije saa nne. Nikaja saa nne, nimevaa kitenge cha kanisani kana kwamba naenda kupokea mahari. Nikaikuta inanguruma vizuri, rangi inang'aa. Nikaizunguka kama mtu anayejua, nikapiga teke tairi, nikalipa. Sikujua kwamba alikuwa ameiwasha tangu alfajiri ili injini ipate moto. Kesho yake nikageuza ufunguo, na ilikuwa Juni, baridi ya hapa unaijua. Ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Msimu mzima wa baridi tuliisukuma. Ulikuwa darasa la nne, na sweta lako la shule na soksi zimelowa umande, unasukuma pembeni ya baba yako, halafu unakimbilia shule huku mikono inanuka moshi. Siku moja mwalimu alikuuliza kwa nini unachelewa, ukamwambia ni kwa sababu mama yangu ana gari. Alidhani unamtania.

Nikajifunza. Gari la mtumba unalifuata alfajiri bila kutoa taarifa, na kabla hujasalimia mtu unaweka kiganja kwenye boneti. Likiwa baridi, muuzaji ni mtu. Likiwa la moto, rudi kwako. Somo hilo nimewapa wanawake wengi wa soko letu na hakuna aliyerudi kwangu analia.

Na pamoja na ubovu wake wote, mlio wa kirikuu ile mliujua. Nikifika kwenye kona ya mlingoti, bado sijaonekana, wewe ulikuwa tayari unabandika maji ya chai. Nikiingia ndani kikombe kinafuka. Sikuwahi kukuambia, lakini baada ya kutwa nzima ya kugombania bei za viazi, kile kikombe ndicho kilichokuwa kinanirudisha nyumbani.

Basi tukaenda Makambako kwa Baba Edo, alfajiri, kama ninavyojua mimi. Mzee wa watu anauza vipuri, pistoni na gasketi zimejaa mpaka mlangoni, na hicho kigari alikiagiza Japani kwa kuangalia picha tu. Aliona bei nafuu akadhani ni bahati. Kilipofika akatafuta pa kutia mafuta, hapakuwa na tundu. Kikakaa uani chini ya turubai, kuku wanataga juu yake, mpaka wewe uliposikia habari zake.

Nikaweka kiganja kwenye boneti. Baridi kama jiwe la mtoni. Nikakunong'oneza kwamba huyu mzee ni mwaminifu. Ukacheka mpaka ukashika ukuta.

"Mama, hili ni la umeme," ukasema. "Hata likitoka kukimbia, boneti halichemki hivyo."

Somo langu lote likafia hapo hapo, kwenye upepo wa Makambako, mbele ya muuza pistoni. Nikaomba waliwashe nisikie. Nikasubiri. Nikasema washeni basi. Mkanitazama wote wawili mkasema limeshawaka.

Halafu ukachomeka kidude chako chini ya usukani, simu ikaanza kuisoma betri kama unavyosoma damu za watu. Ukamwonyesha Baba Edo vile vijiti vidogo vya pembeni kwenye dashibodi, ukamweleza kwamba vile si vya chaji, vile ni vya umri, na kadhaa vimeshazimika kwa sababu gari limekaa muda mrefu bila kuchajiwa. Ukamweleza taratibu, bila kumdhalilisha. Mzee akatikisa kichwa, akataja bei nyingine mwenyewe, ukakubali, mkapeana mikono. Mimi nilikuwa bado nakunja mikono ya sweta kujiandaa. Lusungu, mimi nimeshusha bei kwa watu wagumu kuanzia Mawengi mpaka Makambako, wapo madalali wakiniona wanahama upande wa soko, na siku ya gari la mwanangu sikupewa hata sentensi moja. Hilo nalo liliniuma. Nililinyamazia, kwa hiyo leo nalisema.

Nilikuuliza kwa nini unanunua betri iliyochoka. Ukanijibu kwamba imechoka, ndiyo, lakini iliyobaki inakutosha: nyumbani, hospitali, sokoni, kurudi, na Dodoma ni tambarare. Ukasema jua la kule ndilo adui, utaegesha kivulini. Ulikuwa umelifikiria vizuri. Nilikuwa sitaki kukiri.

Sasa tuje kwenye safari, maana ndipo ninapoona hasira mpaka leo.

Ulisema wazi, na naandika kwa mkono wangu ili usije ukadai sikusikia: tuondoke wawili, twende polepole, tusiwashe hita maana inakula betri, tutafika nyumbani Njombe. Lakini nani alishawahi kuleta gari kuombewa likiwa tupu? Kwetu gari linaingia uwanja wa kanisa limebeba. La mjomba wako lilibeba mahindi. Kirikuu yangu ilibeba viazi mpaka ikakaa upande. Kwanza libebe cha nyumbani, liombewe, ndipo liende kwa watu. Ningesimama vipi mbele ya kwaya, niliyoitangazia mwenyewe, na gari lina mikoba miwili tu?

Kwa hiyo nikapakia. Viazi kutoka stoo yangu ya pale, maharage, ndoo ya parachichi, na Shangazi Tabitha aliyekuwa ametoka Bulongwa kwa ajili ya maombi hayo, na jogoo wake. Ulisimama pembeni ukisema, "Mama, halitaweza." Ulisema mara moja. Nikakwambia magari yote husema hivyo.

Na hita niliwasha mimi. Magoti yangu, Lusungu. Ulizima. Ulipotazama barabara nikawasha tena.

Kwenye mlima wa mwisho, pale penye misonobari, ikatokea picha ya kobe mbele yako. Shangazi yako akafurahi, akasema tazameni, gari limeweka mnyama.

"Shangazi," ukasema, kwa utulivu mbaya kuliko kelele, "huyo mnyama maana yake tumekwisha."

Nikakumbuka ulivyotueleza kwamba gari hilo likishuka mteremko linajirudishia umeme kidogo. Nikakwambia vumilia, tukifika kileleni litakula. Ukanijibu kwamba kwanza lifike. Halikufika. Likasimama kimya kimya kama lilivyokuwa likitembea, hata hatukujua ni dakika gani limekufa, mpaka jogoo alipowika ndani na sote tukamsikia vizuri.

Baba yako akaja na kirikuu na kamba. Kirikuu ile ile. Ukakataa, ukasema gari hili halivutwi matairi yakiwa chini, utaharibu mota. Nikadhani unaona aibu kuvutwa na mama yako. Ndipo akapita Chaula na lori lake la viazi, akasimama, akatuzunguka.

"Mama Lusungu," akaniambia, "nilisikia umenunua gari. Mbona hili friji?"

Nikamjibu kwamba friji linaloenda kazini Dodoma lina heshima kuliko lori linalomwaga oili kila linapopumzika. Lakini nilikuwa namjibu huku namwomba. Akarudisha lori nyuma mpaka kwenye tuta, tukatandika mbao, tukasukuma. Wewe ukasukuma pembeni ya baba yako. Nilikutazama, umevaa nguo zako nzuri za siku yako, na nikaona lile sweta la darasa la nne. Nikageuka nikajifanya namtafuta jogoo.

Ndivyo gari la binti yangu lilivyoingia kanisani, limesimama juu ya viazi vya Chaula kama bibi harusi, kwaya imenyoosha shingo. Mtu mwingine angejificha. Mimi nikashuka wa kwanza, nikawaambia magari ya Japani yote huja yamebebwa, waulize bandarini. Mchungaji akatazama juu muda mrefu.

"Tumezoea kuombea gari libebe watu," akasema. "Leo tumwombee huyu binti, na wale watakaombebesha."

Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na sikuelewa alikuwa ananisema mimi mpaka nilipofika nyumbani nikiwa nakanda unga.

Jioni ile nikakuuliza sasa Krismasi utakujaje na kitu kama hicho. Ulikuwa unamenya viazi, hukuinua uso.

"Hili ni gari la mjini tu, mama. Sikulinunua kwa ajili ya kuja nyumbani."

Najua ulikuwa umechoka. Najua maana yake ni betri. Lakini nililisikia neno lile kama mama, sikulisikia kama fundi. Tangu siku hiyo nakugombeza kwa sufuria, kwa ndoo, kwa sabuni iliyoachwa kwenye maji, na wewe unajua ni gari, na mimi najua unajua.

Juzi nikampigia bibi yako Mlangali kukushitakia. Nilitegemea anitetee, si mama yangu? Nikamweleza kobe, lori, na lile neno lako. Akasikiliza mpaka mwisho, unamjua, hakatizi mtu.

"La kwako linapanda mlima?" akauliza.

"Linapanda."

"Haya," akasema. Halafu akaniuliza kama kwetu mvua imeanza.

Nimekaa na hiyo "haya" siku mbili. Kirikuu yangu imepanda kila mahali penye viazi. Imepita tope ambalo malori yalilala. Mlangali mara ya mwisho ilifika kwenye mazishi ya babu yako, na kesho yake nikaondoka kwa sababu mzigo ulikuwa unanioza Makambako. Bibi yako hajawahi kunilaumu. Kila nikipiga simu anauliza gari zima? Nami kila mara namjibu kwa majivuno, zima kabisa.

Kwa hiyo sina mdomo wa kukulaumu, na bado nakulaumu. Vumilia, ndivyo nilivyo.

Lakini kuna jambo moja ambalo nakulaumu kwa haki. Kule Makambako ulijua. Ulikuwa umeipima ile betri, ulikuwa na jibu kwenye simu yako, na uliponiona napakia ukasema mara moja, kwa upole, ukaacha. Kwa sababu mimi ni mama. Hilo linaniudhi kuliko kobe. Kesho mkubwa wako kazini atakwambia majibu ya mgonjwa yako sawa na wewe umeona hayako sawa. Utasema mara moja kwa upole? Na huko mjini wakijua una gari, utaona. Mwenzako atataka apelekwe harusini, jirani atataka abebewe kabati, atakuja mtu anasema mama yake ni mgonjwa kumbe anahamisha duka. Wote watawasha hita. Kwa mwenye duka sema hapana. Kwa mgonjwa kweli, nenda, hata kobe akitokea. Na kwangu mimi, siku nyingine ninapopakia usichokiweza, shusha gunia chini. Nitanuna, nitasema umekosa adabu, nitamwambia shangazi yako. Shusha tu. Nimelea binti wa kushusha gunia, nisije nikawa mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza.

Sasa la mwisho. Jana ulipokwenda kuaga kwa shangazi, aliyekuja hapa si mnunuzi wa ng'ombe kama baba yako alivyokwambia. Baba yako uongo hauwezi, nashangaa ulimwamini. Alikuwa fundi umeme, si kishoka, fundi mwenye leseni yake. Amevuta waya mnene peke yake kutoka kwenye mita, ameweka na soketi nje, ukuta wa upande wa jikoni, ina kifuniko cha mvua. Aliniuliza ni ya mashine gani. Nikamwambia ni ya gari la mwanangu. Akasema mtaa huu hakuna gari la umeme. Nikamwambia andaa soketi, la gari niachie mimi.

Najua utasema Dodoma mpaka hapa haiwezekani, baba yako amenionyesha umbali. Nimeshaongea na Chaula, kwa hiyo usinibishie. Kesho lori lake linabeba gari lako pamoja na viazi, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba akishashusha mzigo Dodoma hurudi tupu mpaka Makambako. Siku ukipata likizo, gari lipande lori tupu, na safari hii si aibu tena, ni usafiri. Makambako utalala kwa Baba Edo. Uani kwake bado ipo ile soketi aliyoiweka ya kulichajia uliposema unakuja kulitazama, na mke wake ameshaniambia chumba kipo. Asubuhi, betri ikijaa, panda peke yako. Bila viazi, bila jogoo, bila mtu wa magoti. Ulisema mwenyewe litafika.

Na Jumamosi mimi nakwenda Mlangali. Baba yako amebaki ananitazama kwa sababu nimesema kirikuu itakwenda tupu. Sipakii hata ndoo, nisije nikapata sababu ya kuwahi kurudi.

Zipu naona imekubali, kumetulia huko chumbani. Barua hii nitaichomeka kwenye mfuko wa gari pamoja na ule waya wa kuchajia. Usiisome mbele yangu.

Jambo moja tu nakuomba. Siku utakayokuja, piga honi ukifika kwenye kona ya mlingoti. Hilo gari lako halina mlio, na masikio yangu yamezoea injini. Hata kama ni usiku, hata majirani wakinuna, piga, nibandike maji.

Ni mimi mama yako, niliyewasha hita.